Namba Moja na Namba Tano

4 Machi

Bisibisi wangu,

Dada yako ameniambia umefika salama. Mimi usinipigie simu. Nimekaa kwenye ubao wa simu miaka ishirini na saba nikiunganisha watu waliokuwa wakigombana, wakibembelezana na kudanganyana, na siku niliyostaafu nilijiapiza kwamba sitashika tena kitu hicho labda nyumba iwe inaungua. Andika. Karatasi haikatiki katikati ya neno.

Nakuandikia kukushukuru kwa mashine ya kufyonza vumbi. Ulikaa hapa siku tatu tu, na asubuhi ya kuondoka, gari limeshafika mlangoni, ukaimaliza. Nimewatangazia majirani mpaka wamenichoka: mwanangu sasa ni fundi mkuu wa mota kwenye karakana kubwa, na mashine ambayo yule fundi wa mtaani alisema nitupe, yeye ameifufua kabla chai haijapoa. Jirani wa nyumba ya pili alikuja kuigusa kama anayegusa mtoto mchanga.

Na ina nguvu! Juzi imemeza soksi ya mpwa wako Kishindo pamoja na pindo la pazia, nami nilikuwa nimeiweka namba moja. Dada yako bado ananiletea huyo bibi mdogo kila asubuhi akienda kiwandani. Unajua kifua chake na vumbi havipatani, kwa hiyo akilala mchana nafyonza nyumba nzima kwa namba moja ili nisimwamshe.

Kuna jambo dogo tu. Nikizungusha kile kitufe, moja, mbili, mpaka tano, nakisikia kinavyolia tik, tik, vizuri kuliko zamani. Lakini mngurumo wenyewe unanijia uleule. Zamani namba moja ilikuwa mnong'ono na namba tano ilikuwa zogo. Sasa zote naona sawa. Nimesimama chumbani nikizungusha mbele na nyuma mpaka nikajicheka. Labda nina nta masikioni.

Halafu kalamu yangu ya kubonyeza, ile niliyopewa kazini nilipostaafu, haibonyezeki. Nimeifungua, springi haimo. Sijui niliitoa lini wala niliipeleka wapi. Hapa naandika huku nimeishikilia ncha kwa kidole, ndiyo maana mwandiko wangu umelewa.

Kula vizuri, usiishi kwa chai na mkate.

Mama yako


13 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako niliisomea kwenye benchi la kazi, wenzangu wakadhani imetoka kwa mchumba. Niliwaacha wadhani hivyo, walau nionekane nina mtu.

Kazi ni nyingi. Nimepewa wanagenzi wanne wa kufundisha, na hakuna mashine inayotoka mlangoni kabla sijaipima na kuitia saini. Naitwa "mkuu" siku nzima. Ungecheka.

Kuhusu ule mngurumo, usijitie wasiwasi. Cha kwanza kuangalia ni chujio. Watu hudhani hewa ikizibwa mota inaelemewa, kumbe ni kinyume chake. Hewa isipopita, mota inakuwa haina cha kusukuma, inazunguka bure, kasi inapanda na sauti inapanda nayo. Chujio likijaa vumbi utasikia kelele hata kwenye namba ndogo. Lioshe, lianike mpaka likauke kabisa, kisha ulirudishe. Na usiiwashe zaidi ya dakika kumi mfululizo. Mota ni ya siku nyingi, inahitaji kupumzika.

Halafu masikio ya mtu huzoea, Mama. Hata mimi nikitoka hapa jioni sauti zote zinanijia sawa. Kwa umri wako si jambo la ajabu.

Kalamu nitakuletea nyingine, nzuri kuliko hiyo.

Mwanao,
Bisibisi


27 Machi

Bisibisi wangu,

Nimefanya ulivyosema. Chujio nimeliosha mara tatu mpaka maji yakatoka safi, nikalianika kutwa nzima dirishani. Dakika kumi nazihesabu kwa saa ya ukutani, sizidishi hata moja. Namba moja na namba tano bado ni kitu kimoja.

Juzi Kishindo alikuwa amelala. Nilifika na mashine mlangoni pa chumba chake, akaamka kwa kilio cha mtu aliyeangushiwa masufuria. Nikatazama kitufe: namba moja. Nikazima, nikambeba, nikakaa naye kitandani mpaka akatulia. Mimi ndiye niliyebaki sijatulia.

Nitakuambia nilichowaza, usinicheke. Mwanzoni niliwaza kwamba labda mashine ndiyo yenye kasoro. Kisha nikajikaripia. Umeitengeneza wewe, kwa mikono yako, nikiwa nimesimama pale pale. Kingekuwepo kitu hakijakaa sawa, ungeniambia. Kwa hiyo kasoro iko kwangu.

Wewe hukunijua nikiwa kazini. Nilikuwa namtambua mtu kwenye waya kwa jinsi anavyovuta pumzi kabla hajasema "halo". Nilijua nani ametoka kulia na nani ametoka kunywa. Nilipoumwa mgongo, macho yakaanza kufifia, sikulalamika, nilisema masikio bado ninayo. Sasa nawaza, kifua cha mtoto kikibana akiwa chumba cha pili, nami nisisikie, dada yako nitamwambia nini?

Nimemweleza. Jumanne ananipeleka kupimwa. Nawe usihuzunike. Umeshaniandalia moyo mwenyewe, uliponiambia ni umri.

Mama yako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Mama amenikataza nisikuandikie, anasema utaacha kazi uje mbio. Nakuandikia hivyo hivyo.

Tulikwenda kupima masikio. Alipovikwa vile visikizio alikaa wima, akamwambia mpimaji, "Namba ngapi, tafadhali?" Yule bwana akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akampima, akapima tena, akatoka na karatasi akasema hajaona masikio kama hayo kwa mtu wa umri ule. Mazima kabisa. Anasikia sauti ambazo mpimaji mwenyewe hazisikii.

Mimi nilifurahi, nikamkumbatia pale pale.  Tulipofika nyumbani Mama akavua viatu, akaketi, akaniambia, "Kama masikio ni mazima, basi kilichoharibika ni kichwa."

Tangu siku hiyo anajikusanyia ushahidi. Kwamba anazungusha kitufe na hajui tena tofauti ya moja na tano. Kwamba aliifungua kalamu yake mwenyewe akatupa springi na hakumbuki hata kidogo. Hiyo kalamu, mdogo wangu, anaizungumzia kama mtu aliyefiwa. Amebandika karatasi kwenye makopo yote ya jikoni, "chumvi", "sukari", "majani ya chai", kana kwamba kuna siku ameyachanganya. Hajawahi.

Na Kishindo amenirudishia. Alimleta hadi mlangoni pangu, amemfungia nguo zake kwenye mfuko, akasema hawezi kuaminiwa na mtoto. Wiki hii yote nimekwenda naye kiwandani, namlaza chini ya meza ninayokatia mapazia, katikati ya vumbi la vitambaa, anakohoa. Msimamizi amenipa mwezi mmoja nipate njia nyingine.

Sasa Mama ameamua kuhamia kwangu, chumba cha nyuma. Nyumba amempangisha mwalimu mmoja na mkewe, mkataba wa miaka miwili. Wanakabidhiwa funguo tarehe kumi Mei. Nyumba aliyoipaka rangi kwa mikono yake, wewe unaijua. Nikimwambia asubiri anasema anataka kuondoka akiwa bado anajua anakoondoka.

Ulikaa naye siku tatu. Niambie kweli, uliona dalili yoyote? Ukiniambia hukuona kitu, nitapigana naye asihame. Nangoja neno lako tu.

Dada yako


15 Aprili

Dada, shikamoo.

Pole sana na mzigo huo peke yako. Nilipokuwa huko sikuona jambo la kutisha. Lakini vitu vidogo kama hivyo, kalamu na kadhalika, nasikia ndivyo mambo haya huanza navyo. Mimi si daktari. Kama mwenyewe ameamua kupumzika, labda tusimlazimishe. Kwako atakuwa na mtu karibu.

Kwa sasa karakana haiwezi kuniruhusu kutoka. Msalimie Kishindo.

Mdogo wako


2 Mei

Mama,

Barua hii ukiipata kaa chini kwanza, kisha usome mpaka mwisho.

Kichwa chako ni kizima. Mashine ndiyo haina namba moja wala namba tano. Ina mwendo mmoja tu, wa juu kabisa, na niliyeifanya hivyo ni mimi.

Ndani ya mashine kuna kibao kidogo, nyuma ya kile kitufe. Kazi yake ni kuukata umeme vipande vipande, haraka sana, kabla haujafika kwenye mota. Ukiweka namba moja, mota inapata vipande vyembamba, inazunguka taratibu. Ukiweka tano inapata karibu wote. Kwako kibao hicho kilikuwa kimeungua, cheusi tii. Sikuwa na kingine, na hakikupatikana mji mzima, niliuzunguka siku mbili nzima nikikuambia naenda kusalimia marafiki. Siku ya tatu gari likaja. Wewe ulikuwa mlangoni unamwambia jirani kwamba mwanao hajawahi kushindwa na kitu. Nilikusikia. Nikachukua nyaya mbili, nikazipitisha pembeni ya kibao, nikaziunganisha moja kwa moja, nikafunga utepe mweusi. Mota ikanguruma, ukapiga makofi.

Kitufe kilikuwa kimelegea, kinazunguka bila kushika popote. Ungegundua siku hiyo hiyo. Kalamu yako ilikuwa mezani. Nilitoa springi yake nikaitia chini ya kitufe ili kiwe kinakwama kwa kila namba. Ile tik, tik unayoisikia niliitengeneza mimi ili nikudanganye, na ndiyo sehemu ya kazi ile niliyoifanya kwa uangalifu kuliko zote.

Uliponiandikia mara ya kwanza nilijua. Nilikuandikia habari za chujio. Yote niliyosema kuhusu chujio ni kweli, Mama, na hilo ndilo linalonitia aibu, kwamba nilikudanganya kwa kutumia ukweli. Zile dakika kumi zilikuwa za kuzuia mota isiungue kwa joto. Niliogopa moto kuliko nilivyokuonea huruma. Ulipoandika kwamba ningekuambia, nilikunja karatasi nikatoka nje, nikarudi, nikaendelea na kazi. Halafu dada akaniuliza swali moja, akaniambia angesimama na wewe kwa neno langu tu, nami nikamjibu kwamba kalamu ni dalili. Kalamu ambayo springi yake niliitoa mwenyewe. Nimeikumbuka sentensi hiyo kila siku tangu hapo na sijui niliiandikaje.

Juzi mwanagenzi mmoja, binti mwenye bidii kuliko wenzake wote, aliniletea mashine ya vumbi nitie saini. Nikaifungua. Alikuwa amezipitisha nyaya pembeni ya kibao, vile vile nilivyofanya mimi. Nikamgombeza mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Huyu mteja atazungusha kitufe na hakuna kitakachobadilika, mpaka adhani amechanganyikiwa." Akalia. Akasema, "Mkuu, nilitaka tu asingoje." Nikashindwa kumwangalia. Saini yangu ilikuwa bado inangojewa, nikajifanya natafuta kalamu.

Roho inanisuta, Mama, na inastahili kunisuta.

Nimeweka kibao kipya ndani ya kifurushi hiki. Usiifungue mashine peke yako. Mwambie dada kila kitu, mpe barua hii aisome. Bado kuna siku nane kabla ya tarehe kumi, zuieni funguo. Naipeleka posta leo leo, kabla sijaingia kazini.

Nisamehe, ukiweza.

Mwanao


17 Mei

Mwanangu,

Kifurushi chako kimenifikia jana, hapa kwa dada yako, chumba cha nyuma.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikamwomba dada yako bisibisi. Uliniambia nisiifungue, lakini maisha yangu yote ya kazi nimewatazama mafundi wakifungua ubao wa simu, skrubu nne hazinishindi. Mashine nilikuwa nimehama nayo. Vitu vingi nimeviacha kule, hiyo nikaibeba, kwa sababu ilikuwa kazi ya mkono wako.

Utepe mweusi nimeuona. Springi nimeiona. Nimeitoa, nimeipangusa, nimeirudisha kwenye kalamu, na ndiyo inayokuandikia hapa. Jana niliibonyeza sana, tena na tena, mpaka Kishindo akaninyang'anya kwa kuchoshwa. Sijui kama utaelewa furaha niliyoipata kwa kitu kidogo namna ile. Nilikuwa nimeshaanza kujiaga.

Dada yako alilia, kisha akakasirika, kisha akatafuta simu akupigie. Nimemzuia. Nilimwambia mtu huyu nitamwandikia mimi kwanza. Naye ana lake la kujilaumu, maana alinikatia kile kipande cha karatasi nilichoandikia "sukari".

Nilipomaliza kulia na mimi, maana nililia, nikaigeuza karatasi ya kifurushi nione stempu. Hayo ni mazoea ya kazini, kila mazungumzo tuliyaandikia saa yalipoanza na saa yalipokwisha. Barua yako ina tarehe mbili Mei. Umeandika kwamba unaipeleka posta leo leo. Muhuri wa posta ni wa tarehe kumi na tatu.

Tarehe kumi nilimkabidhi mwalimu funguo. Nilimwonyesha dirisha linalogoma na swichi ya jikoni inayotaka kubonyezwa mara mbili. Mkewe alinishika mkono akaniambia nyumba nimeitunza vizuri. Ni watu wema, hawana kosa, na siwezi kwenda kuwaambia watoke kwa sababu mwanangu alitembea na barua mfukoni siku kumi na moja. Najua ulivyofanya. Kila asubuhi uliigusa ukasema kesho. Ulingoja tarehe kumi ipite kwanza, ndipo ukapata ujasiri.

Nyumba imeniuma, siwezi kukuficha. Napita pale nikienda sokoni, nawasikia wanavyohamisha viti. Nasikia vizuri sana.

Lakini lipo lililoniuma zaidi ya nyumba. Nilishuku nta, nikashuku masikio, nikashuku kichwa changu, nikamrudisha mjukuu wangu mlangoni na mfuko wa nguo kama mzigo. Mkono wako sikuushuku hata dakika moja. Nilikuandikia hivyo, kwa maneno hayo hayo, nawe ukasoma.

Sasa sikiliza. Kishindo yuko nami tena mchana, na hapa ninapoandika amelala. Nafagia kwa ufagio na kitambaa cha maji. Kibao chako kiko juu ya kabati, sitakifunga mimi wala fundi mwingine. Njoo ukifunge mwenyewe, mbele yangu na mbele ya dada yako. Usilete kalamu mpya. Usilete zawadi yoyote.

Ukimaliza, nitakaa kwenye kiti nifumbe macho. Wewe uzungushe kitufe utakavyo, bila springi, bila tik. Dada yako atasimama nyuma yako akitazama namba, na mimi nitazitaja moja baada ya nyingine. Nataka aone kwamba sikosei hata moja. Nataka na wewe uwe umeshika kitufe wakati anaona.

Habari ya kusamehe usiniulizeulize. Itakapokuwa tayari nitakuambia.

Na tarehe ya kuja utakayoniandikia, uje tarehe hiyo. Miaka ishirini na saba nilisikiliza watu wakidanganyana, na sikuwa nikikosea. Wewe peke yako sikuwahi kukusikiliza kwa masikio ya kazini. Sasa nimeanza.

Mama yako